Mpiga picha, kabla ya kukopa mwite kwanza seremala

MSIMU wa mavuno ukimalizika, fedha ya mkulima huwa na safari zake zinazojulikana: ada ya watoto, bati za nyumba, deni la mbolea na michango ya harusi. Kikibaki kidogo, familia huvaa nguo zake nzuri na kwenda mjini kupiga picha ya pamoja. Kwa miaka mingi safari hiyo ya mwisho ndiyo iliyowalisha wapiga picha wa miji midogo, kuanzia Makambako hadi Kahama, kuanzia Korogwe hadi Masasi.

Safari hiyo sasa inakatika. Simu yenye kamera imeingia hadi shambani. Picha za vitambulisho, zilizokuwa mkate wa kila siku wa studio, nazo zimepungua, kwa kuwa mwombaji wa kitambulisho cha Taifa hupigwa picha na maofisa wa NIDA wenyewe pale anapojiandikisha. Hata kampuni ya Kodak, ambayo watu wa rika letu walikuwa wakiita kila filamu kwa jina lake, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Kama mkubwa yule aliyumba, mwenye chumba kimoja pembeni mwa stendi ya mabasi afanye nini?

Wengi huamua kukopa. Kijana anasikia kwamba mwenzake wa Dar es Salaam ana viti vya kifalme, stendi za kukunja na mapazia ya kuchorwa yaliyotoka ng'ambo, naye anakimbilia mkopo ili afanane naye. Mkopo wenyewe mara nyingi ni ule ambao wananchi wameupa jina la kausha damu. Miezi michache baadaye viti vimelegea, stendi imevunjika goti lake la plastiki lisilo na spea, na marejesho hayajafika nusu. Kinachofuata ni kamera kuuzwa na mlango kufungwa.

Sisi tunasema njia nyingine ipo, na iko mtaa wa pili. Vitu vingi ambavyo studio ya picha za watu inahitaji ni mbao, kitambaa na rangi. Kamera hatuwezi kuitengeneza Keko wala Mafinga. Lakini stuli, masanduku, fremu ya pazia na ubao wa kurudisha mwanga ni kazi ambayo seremala yeyote mwenye msumeno, randa na futi kamba anaiweza kwa siku chache. Fedha inayolipwa pale inabaki kwa fundi, kwa muuza mbao na kwa mkulima aliyepanda mti.

Fundi wa samani aliyeshika kamera

Anayedhani kwamba kutengeneza vifaa vyako mwenyewe ni dalili ya umaskini na akumbuke habari za Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Huyu alijifunza kwanza useremala wa samani kwa baba yake na baba yake mdogo. Mwaka 1935 huyo baba mdogo alirudi safari ya Senegal na kumletea kamera ndogo. Mwaka 1948 Keïta alifungua studio nyumbani kwake. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitandani yenye matamvua, na baada ya miaka michache akawa anabadilisha vitambaa, vingi vikiwa vya maua na nakshi. Alipenda kupigia picha uani, kwa mwanga wa jua. Kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, hivyo ilimlazimu kumkalisha vizuri kabla ya kubonyeza.

Picha hizo za shuka na uani zilionyeshwa Paris mwaka 1994, na leo Keïta, aliyefariki dunia mwaka 2001, anahesabiwa miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa karne ya 20. Wateja wake walikuwa watu wa kawaida wa Bamako na wasafiri waliopita hapo. Kilichowavuta hakikuwa kiti cha kifalme. Walijua kwamba wakitoka pale watakuwa wameonekana watu.

Hapa kwetu nako mifano haikosekani. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na studio hiyo imevuka mapinduzi, kufa kwa filamu na kuja kwa simu. Studio hudumu kwa sababu mteja anapata ndani yake jambo ambalo nyumbani hana: nafasi tulivu, mwanga uliopangwa, mkao mzuri na picha iliyochapishwa karatasini. Fanicha ni chombo cha kuyapata hayo manne. Ikishindwa kuyaleta, ni mapambo ya kukalia vumbi.

Masanduku matatu

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, anza na masanduku. Wapiga picha na watu wa sinema duniani kote hutumia sanduku la mbao lenye urefu wa inchi 20, upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 8. La pili lina urefu na upana uleule lakini kimo cha inchi 4, na la tatu inchi 2. Lile kubwa likilazwa chini linakupa kimo cha inchi 8. Likisimama kwa ubavu linakupa inchi 12, na likisimama wima linakupa inchi 20, ambacho ni karibu sawa na kiti. Kwa masanduku hayo matatu unaweza kumpandisha bibi arusi mfupi amfikie bwana arusi mrefu, ukamkalisha babu, ukamwekea mtoto mahali pa kukanyaga, au ukainua meza.

Plaiwudi moja ya kawaida ina futi 8 kwa 4. Ukichukua ya unene wa milimita 18 na kuipanga vizuri kabla ya kukata, nusu yake, yaani futi 4 kwa 4, inatosha seti nzima ya masanduku matatu. Nusu nyingine ni seti ya pili ya kumuuzia mwenzako. Mwambie fundi aunganishe kwa gundi na skrubu, asitegemee misumari peke yake, kwa kuwa msumari hulegea pale sanduku linapokanyagwa na kutikiswa kila siku. Ndani ya sanduku kubwa aweke kibao cha katikati cha kubeba uzito. Kwenye ncha mbili atoboe matundu ya kuingiza mkono, na kingo zote azipige msasa mpaka zisiweze kuchana kanga ya mtu.

Stuli isiyoanguka

Kila mzazi aliyewahi kumwona mwanawe akikalishwa juu ya stuli ndefu ya baa iliyofunikwa kitambaa anajua moyo unavyoruka. Hapa hatuna mzaha. Mpiga picha anayemwangusha mtoto wa mwenzake amefunga biashara yake kwa mikono yake, na huenda amefunga na zaidi ya biashara.

Stuli ya picha haina kiegemeo, kwa sababu mbili. Kwanza, mteja hukaa amenyoosha mgongo. Pili, hakuna kitu kinachochungulia nyuma ya mabega yake. Kikalio cha duara chenye upana wa inchi 13 au 14 kinatosha. Kimo cha inchi 18 kinafaa kwa wengi. Kwa mtu mzima anayetaka mkao wa nusu kusimama, inchi 24 ni bora. Jambo la lazima ni miguu itanuke kuelekea nje, ili nafasi ya chini iwe pana kuliko kikalio. Mbao za kufunga miguu ziwekwe inchi 6 hivi kutoka chini, nazo zitakuwa mahali pa kukanyagia.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi mwenyewe apande juu ya stuli hiyo na ajitikise mbele, nyuma na pembeni. Fundi anayekataa kukalia kazi yake mwenyewe amekwisha kukupa jibu. Na mtoto ambaye hajaweza kukaa peke yake asiwekwe kabisa juu ya stuli. Mlaze kwenye mkeka au blanketi chini, mama yake akiwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Pazia, kaniki na bafta

Fremu ya pazia inahitaji nguzo mbili za mbao za 2 kwa 2 zenye urefu wa futi 8, kila moja ikiwa na miguu ya msalaba ya futi 3. Juu hupita mti wa futi 10. Bomba la plastiki la urefu huo huinama katikati na pazia likaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Mwanzi uliokauka vizuri hauinami kirahisi, nao unapatikana kwa wakulima wetu wa Iringa na Njombe. Juu ya kila mguu weka mfuko wa mchanga, kwani mtoto mmoja akivuta kitambaa, fremu yote huja juu ya familia.

Kitambaa hakihitaji kutoka mbali. Kaniki inatoa pazia jeusi zuri, na marekani ikipakwa rangi ya kijivu au kahawia kwa sponji inatoa pazia ambalo mteja hatajua limetoka wapi. Lipigwe pasi na kuvutwa kwa vibanio vya nguo, na mteja akae kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili mbele yake, ili kivuli chake kisilale juu ya kitambaa.

Tunasisitiza rangi ya kijivu na kahawia kwa sababu maalumu. Wapiga picha wengi hupenda pazia jeupe pe wakidhani ndiyo usafi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe kiasi cha mwanga, huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na sura ya mteja mweusi hutoka giza. Kisha lawama humwangukia mteja kwa weusi wake! Ngozi yetu haina kosa. Chagua pazia la rangi ya kati, au mwongezee mteja mwanga usoni.

Mwanga wenyewe hautaki gharama. Tengeneza fremu ya futi 6 kwa 3, itie bafta nyeupe, uisimamishe mlangoni au dirishani panapoingia mwanga. Jua kali litageuka mwanga laini usiomfanya mteja akunje uso. Upande wa pili weka mbao mbili nyembamba za plaiwudi zilizounganishwa kwa bawaba, zisimame kama kitabu kilichofunguliwa. Upande mmoja upakwe rangi nyeupe isiyong'aa, wa pili nyeusi. Weupe hurudisha mwanga kwenye shavu lenye kivuli, na weusi huuondoa panapohitajika. Rangi ya kung'aa iepukwe, maana humulika kama kioo.

Wanaotumia taa wasiweke bafta karibu na taa za moto, kwa kuwa kitambaa hicho ni kibiriti. Taa za LED zina joto dogo zaidi. Wasichanganye taa ya njano na mwanga wa dirisha, kwani uso mmoja utatoka rangi mbili. Na waya zisipite mahali ambapo watoto wanapita.

Mbao mbichi ni hasara mbichi

Hapa tunataka kusema na wakulima wa miti. Paini inayouzwa nchini hutoka sana Mufindi, Kilolo na Njombe, na sehemu kubwa siku hizi ni ya wakulima wadogo. Tunajua shida inayowafanya wengi wakate miti ikiwa bado michanga: ada imefika, mgonjwa yuko hospitali, na mnunuzi amesimama shambani na fedha mkononi. Lakini mti mchanga hutoa mbao dhaifu yenye bei ndogo, na mbao ambayo haijakaushwa hujikunja ikishakuwa stuli. Mguu mmoja ukiinuka, stuli inacheza, na mteja wa mwisho anamlaumu seremala, seremala anamlaumu muuza mbao, na muuza mbao anapunguza bei shambani. Mzunguko wa hasara unarudi palepale ulipoanzia.

Mbao ipangwe kivulini, ikiinuliwa kutoka ardhini, na kati ya safu na safu viwekwe vijiti vya kupitisha hewa. Iachwe kwa wiki kadhaa, na zaidi kama ni nene au hali ya hewa ni ya unyevu. Mkulima na muuza mbao wakiwa na mbao kavu, wana haki ya kudai bei nzuri zaidi, na seremala mwenye akili atailipa, kwa sababu inamwepusha na kurudishiwa kazi.

Daftari liamue

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko. Tuseme vifaa vyote hivi vimekugharimu Sh 240,000, na kwa sababu yake mteja yuko radhi kuongeza Sh 2,000 juu ya bei uliyokuwa ukitoza. Wateja 120 watakurudishia fedha yako. Ukipata wateja 4 kwa siku, hizo ni siku 30 za kazi. Sasa chukua mkopo wa Sh 2,000,000 kwa nyongeza ileile: unahitaji wateja 1,000, yaani siku 250 za kazi, na hapo hatujagusa riba. Kila mmoja aweke bei za mahali pake na afanye hesabu hiyo kabla hajasaini karatasi ya mtu.

Vifaa hivi vina kazi nyingine pia. Vikishonewa mifuko, vinabebeka kwa guta au bajaji hadi kwenye gulio, mahafali, kipaimara au Idd, na mpiga picha anamfuata mkulima badala ya kumngoja. Siku za kukosa wateja vinaweza kukodishwa kwa wapambaji wa harusi. Na mfanyabiashara wa asali, sabuni au batiki anayeuza kwa simu anahitaji picha safi ya bidhaa yake. Sanduku moja, kipande cha kitambaa na fremu ya bafta vinatosha kumpigia. Hilo ni soko jipya ambalo studio nyingi hazijalifungulia mlango.

Wapo watakaotupinga. Watasema stendi ya chuma ya kukunja ni nyepesi kuliko mbao, na kwamba mafundi wetu hawatunzi ahadi. Hoja zote mbili zina ukweli. Hatusemi kila kitu kitengenezwe mtaani. Taa, kamera na kadi za kumbukumbu zinunuliwe, tena zile nzuri, na fedha iliyookolewa kwenye mbao ndiyo iende huko. Anayesafiri kila siku na stendi moja ana sababu ya kununua ile nyepesi. Kuhusu mafundi, dawa ni maandishi. Vipimo vichorwe karatasini, tarehe iandikwe, malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho itolewe kazi ikishajaribiwa. Fundi naye alindwe dhidi ya mteja anayebadilisha mawazo mbao zikiwa zimekatwa.

Kwa maseremala tuna neno moja zaidi. Vitanda na makabati kila mtaa unatengeneza, na bei zinashushana. Fundi atakayetengeneza seti moja ya vifaa vya studio kwa vipimo sahihi, akaipiga picha na kuionyesha kwa wapiga picha wa wilaya yake, atakuwa na bidhaa ambayo jirani yake hana. Vyuo vya VETA, vinavyofundisha useremala karibu kila mkoa, na SIDO, ambayo imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, vingefanya jambo jema kuingiza michoro ya namna hii katika mazoezi ya vijana, badala ya kila mwanafunzi kurudia kiti kilekile.

Halmashauri nazo zina wajibu. Sheria inazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachounganisha seremala, fundi cherehani na mpiga picha ni kikundi chenye bidhaa, chenye soko na chenye ujuzi tofauti unaokamilishana. Maofisa maendeleo ya jamii wakione kuwa kinastahili, wasikipite kwa sababu tu hakifugi kuku.

Mpiga picha msomaji wetu, usikimbilie benki wala kwa mkopeshaji wa mtaani. Pima chumba chako leo, chora unachohitaji, kisha vuka barabara ukaongee na seremala. Anza na masanduku matatu na pazia moja. Yakijilipa, ongeza stuli. Ikijilipa, ongeza fremu ya bafta. Haba na haba hujaza kibaba, na mavuno yajayo yakifika, familia itakapokuja na nguo zake nzuri ikute mahali palipo imara pa kukaa.